Mwaka Tulioinyoosha Dari ya Anga

Habari ya kifo cha Nzioka ilinifikia kwa simu nikichambua ndengu jikoni kwangu Kitui. Kulikuwa na picha yake, suti ya kijivu, Biblia mkononi, na chini yake maneno kwamba Ukambani umempoteza mwanasayansi. Nilicheka peke yangu mpaka ungo ukanitoka mkononi. Najua marehemu hasemwi vibaya. Najua pia kwamba huku kwetu maiti hupambwa kuliko bibi harusi, na kamati ya mazishi ikishapata wa kupika haina tena haja na ukweli. Lakini kumwita Nzioka mwanasayansi ni kumwita mbu daktari kwa sababu anajua kudunga sindano. Nilijifunga leso nikaenda mazishini kwake, ng'ambo ya mji wa Wote, na si kwa huzuni. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu watamsifu kwa lipi. Nilipofika nikapewa kijitabu cha picha za rangi, na ukurasa wa tatu ukasema marehemu aliongoza kituo cha kupima anga cha Kitui kwa mwaka mzima, na kwamba rekodi zake zilisifiwa na watafiti wa ng'ambo kwa usafi. Nilipofika kwenye neno usafi nilikikunja kijitabu nikaanza kujipepea nacho.

Mwaka huo wa usafi niliufanyia kazi mimi. Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimetoka kwenye mafunzo ya kusoma mitambo ya hali ya hewa na nikijiona nimefika. Watafiti walikuwa wameleta mradi wa mwaka mmoja, kuanzia Septemba hadi Agosti, na swali lao lilikuwa moja. Ukipanda juu angani, baridi huongezeka kadiri unavyopanda. Hilo hata mchunga mbuzi wa mlimani analijua. Lakini kuna mahali, kwenye nchi zetu za joto ni kama kilomita kumi na sita au kumi na saba juu, ambapo baridi hukoma kuongezeka, na ukizidi kupanda joto huanza kurudi. Vitabu hupaita tropopozi. Musembi, aliyejaza gesi maputo yetu ya kupimia anga, alipaita dari, nasi tukamfuata, kwa sababu mawingu makubwa ya mvua yakifika pale hugonga na kutandaa, kama moshi wa jikoni ukifika chini ya mabati. Watafiti walitaka kujua kama dari hiyo hukaa palepale, au hupanda na kushuka ndani ya siku mbili tatu wakati pepo za msimu zinapogeuka na mvua kuingia. Walitaka kujua kama dari inacheza, basi. Na kazi hiyo wakampa mtu ambaye hakuweza kuvumilia hata kalenda iliyoning'inia upande.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya kukodi ya vyumba viwili pembeni mwa mji, na kibanda cha gesi hatua mia hivi mbali nayo, mahali ambapo mtu hakuruhusiwa hata kubeba kiberiti mfukoni. Chumba kimoja kilikuwa cha Nzioka, kingine cha mimi na mtambo, na katikati ukuta wa mbao nyepesi ambao mtu akimeza chai upande wa pili unasikia. Kwangu kulikuwa na meza ya mninga iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, kiti, redio ya kupokea sauti za kisanduku cha vipimo kilichobebwa na puto angani, na kalamu ya mtambo iliyochora alama kwenye bunda la karatasi. Ukutani Nzioka alikuwa amebandika chati kubwa ya mwaka mzima, bado tupu, na katikati yake akachora mstari mwekundu kwa rula, kutoka Septemba hadi Agosti. Huo ndio urefu wa dari. Alikuwa ameutoa kwenye jedwali la kitabu chake cha chuo. Nataka msomaji anielewe vizuri hapa: aliuchora mstari huo kabla hatujarusha hata puto moja. Niliuliza ni wa nini, akanijibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "Ni wa kutusaidia tusipotee."

Alikuwa mzee wa kanisa, na hilo pekee nisingelitaja, kwa maana nimeketi na wazee wengi wa kanisa wenye akili zao timamu. Lakini Nzioka alikuwa amechanganya imani na rula. Kila alasiri kabla ya puto kuachwa alivua kofia akaomba. Alimshukuru Mungu kwa kuziweka mbingu mahali pake, akamshukuru kwa mpangilio, akamshukuru kwa utaratibu, na wakati huo wote Musembi alikuwa ameshika puto linalovutwa na upepo, kubwa kuliko yeye, miguu ikimteleza kwenye vumbi. "Mzee, fupisha kidogo," Musembi alinong'ona siku moja. "Hii kitu itaenda na mimi." Nzioka akaanza sala upya kwa sababu alikatizwa. Kisha puto likaachwa, kisanduku kikining'inia chini yake na mwavuli wake wa karatasi, nami nikakimbilia mezani. Kwa saa moja na zaidi nilikusanya alama za joto na za uzito wa hewa, nikazitia kwenye chati ya siku hiyo kwa penseli, na pale mstari wa baridi ulipogeuka, hapo ndipo penye dari. Mimi nilikuwa mwepesi na sahihi, na sioni sababu ya kujificha nyuma ya unyenyekevu katika umri huu.

Ilichukua chini ya wiki moja kuona kwamba dari inacheza. Leo iko hapa, kesho imeshuka kidogo, keshokutwa imepanda. Nilifurahi kama mtu aliyefumania siri. Nzioka alikuja mezani kwangu jioni, akainama juu ya chati, akatoa penseli yake mwenyewe, na kuisogeza nukta yangu ikaribie urefu wa ule mstari mwekundu wa ukutani. "Mashine zinatetemeka," alisema. "Sisi kazi yetu ni kunyoosha." Hilo ndilo lilikuwa neno lake, kunyoosha. Alinyoosha nukta, alinyoosha viti, alinyoosha kola ya Musembi. Karatasi za penseli na zile za mtambo zilikuwa zimemaliza kazi yao, kwa maneno yake, kwa hiyo Musembi alipewa awashie nazo jiko la makaa. Kilichobaki ni karatasi ya wino, moja kwa kila siku, ambayo nilinakili kwa mwandiko mzuri. Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi ya msomaji, yaani mimi. Yeye alitia sahihi barua ya kusindikiza tu, mara moja kwa mwezi.

Mchana tulikula muthokoi wa mahindi ya kukoboa na mbaazi, alioupika Musembi nyuma ya nyumba, kila mmoja na sahani yake ya bati. Nzioka alikula chumbani kwake, mlango ukiwa wazi kidogo ili asikie kama tunamsema. Tulimsema kwa Kikamba cha chini chini. Siku moja, wiki za mwanzo za Oktoba, alikuwa na mgeni, mmoja wa wenye mradi, Mzungu mchanga aliyeungua pua, na mimi nikasikia yote kupitia ule ukuta. Mgeni alisema rekodi za Kitui ni safi kuliko za vituo vingine, ambavyo namba zake zinaruka ruka. Nzioka akacheka kile kicheko chake cha kanisani. "Hapa hakuna kuruka," alisema. "Hapa tuko serious." Mgeni alipoondoka, Nzioka alinikuta nimesimama na sufuria mkononi. Hakukasirika. Alifunga mlango akaniambia kitu ambacho nimekibeba miaka yote hii, kwa sababu ndicho kitu pekee cha kweli nilichowahi kumsikia akisema. "Mwikali, hawa watu wakiona namba inaruka huko kwao, watasema mbingu inafanya kitu. Wakiona inaruka hapa, watasema Mkamba hajui kusoma mashine." Ningemheshimu kwa maneno hayo kama yangemfanya asome mashine kwa bidii zaidi. Yalimfanya aache kuisoma kabisa.

Huku kwetu mvua ya kutegemewa ni ile ya kufunga mwaka. Novemba upepo uligeuka, mchana ukawa mzito, watu wakaanza kupanda, na alasiri moja puto letu lilipanda juu kuliko nilivyowahi kuona, na baridi ikaendelea kuongezeka pale ambapo siku zote ilikoma. Niliangalia tena. Dari ilikuwa imepanda karibu kilomita nzima tangu jana yake. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali ambalo watu walisafiri kutoka mbali kuja kuliuliza, na lilikuwa juu ya meza yangu ya mguu mfupi. Nzioka alikuja jioni, akatazama, akarudisha penseli mfukoni. Umbali ule ulikuwa mkubwa mno kwa penseli yake.

"Hiki kisanduku kilikuwa kibovu," akasema.

"Kilikuwa kizima, mzee. Nilikipima kabla ya kuruka."

"Basi kimeharibikia juu. Andika upya karatasi yote. Nyoosha vizuri, halafu utie sahihi."

Nilimwambia siwezi kuandika nisichokiona. Nilikuwa sijawahi kumkatalia mtu mzima jambo, na sauti yangu ilitoka nyembamba. Akaniambia nilete ushahidi kwamba kisanduku kilikuwa kizima, akijua kwamba kisanduku chenyewe kiko huko porini, ama juu ya mti, ama tumboni mwa mbuzi. Alirudi chumbani kwake akiwa ameridhika. Siku tatu karatasi ile ilikaa kwenye droo bila wino.

Siku ya nne lori la mbuzi lilisimama nje. Akashuka Adan, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akipita Kyuso na Kitui kila wiki, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Mkononi alikuwa na kisanduku chetu, kimejaa matope, na karatasi yetu ya kuomba kirudishwe bado imebandikwa ubavuni.

"Hii kitu yenu imeangukia watu wangu huko chini ya Kyuso," alisema. "Siku hiyo hiyo maji imekuja. Mimi nimezaliwa hii upande, mvua kama hiyo sijaona. Mawingu imepanda mpaka shingo inauma ukiangalia. Mbuzi yangu kumi na tatu imeenda na maji."

Musembi alimpa pole, akampa chai, na mimi nikaangalia namba ya kisanduku. Kilikuwa chenyewe, cha siku ile ile. Tulikifuta matope, tukakitia betri mpya, na kipimajoto chake kikaanza kusema kwenye redio kama kwamba hakijaenda popote. Kilikubaliana na kipimajoto cha ukutani. Lakini nilitaka kukipima kwenye baridi pia, na Kitui ya wakati ule barafu haikuwa kitu cha kuokota njiani. Musembi akasema niachie mimi. Alirudi baada ya nusu saa na gunia lililolowa, barafu ndani yake, tukakizika kipimajoto humo, na kikashuka mpaka sifuri, kikatulia pale bila kusita. Nilimwita Nzioka. Nilimwonyesha kila hatua. Adan alikuwa bado amesimama mlangoni na kikombe chake, na akarudia habari ya mvua bila kuombwa.

Nzioka alisikiliza mpaka mwisho. Angeweza kuniambia kwamba barafu ya gunia haithibitishi baridi ya kule juu, ambayo ni kali mara nyingi zaidi. Hoja hiyo ningeiheshimu, na nilikuwa nimejiandaa kuijibu. Badala yake aliinama akanusa gunia.

"Barafu hii imetoka wapi?"

Musembi akakohoa. "Kwa baa, mzee. Ndiko kuna friji."

"Unataka nitume kwa watafiti kipimo kilichofanywa na barafu ya pombe?"

Nilidhani anatania. Adan pia alidhani hivyo, maana alitabasamu. Lakini uso wa Nzioka ulikuwa umekunjana kwa uchungu wa kweli, na nikaelewa kwamba mtu huyu angeweza kupewa mbingu yenyewe kwenye sahani ya bati na angeuliza kwanza sahani imeoshwa na nani. Sikio la kufa halisikii dawa. Alisema jambo hilo limekwisha. Adan alipoondoka, Nzioka akasimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kesho asubuhi nataka karatasi iliyonyooka na sahihi yako. Ikiwa huwezi, usije. Wasichana wa kusoma mashine wapo."

Wasichana hao hawakuwapo. Nilijua hivyo wakati ule kama ninavyojua leo. Isitoshe, ningeweza kuitia wino namba ya kweli, nikaondoka, nikaandika barua moja kwa wenye mradi. Ningeweza walau kuinakili kwenye kipande cha karatasi nikakificha kwenye soksi. Asubuhi nilifika mapema kabla ya mtu yeyote, nikakaa, nikashusha dari kilomita nzima ikalala vizuri juu ya mstari mwekundu, nikatia sahihi: M. Kasyoka. Musembi aliingia kuchukua karatasi za kuwashia jiko, akaona. Alikuwa na umri wa kunizaa.

"Umeandika ile ya ukweli mahali pengine?" aliuliza.

"Hapana."

Alizichukua karatasi akaenda kupika. Mchana alinipakulia sahani kama kawaida, nyama ikiwa zaidi kuliko yake, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Nzioka alifurahi. Alininunulia kalamu mpya, na tangu siku hiyo hadi mradi ulipofungwa Agosti hakuja tena mezani kwangu na penseli yake. Mvua ndefu zilikuja na kupita, chati ya ukutani ikajaa nukta zangu kama shanga kwenye uzi, na watafiti walipokuja kufunga vitu vyao walituandalia soda na keki, wakatupigia makofi. Kwa miaka yote iliyofuata nimesimulia habari ya barafu ya baa kwenye harusi, kwenye vyama, kwa wanangu, na watu wamecheka mpaka machozi. Nyani haoni kundule. Kwenye masimulizi yangu mpumbavu alikuwa mmoja, na alikuwa mwanamume.

Basi tulimzika Nzioka. Mchungaji alisema marehemu alichungulia kazi ya mikono ya Mungu, mwanasiasa mmoja akasema nisichokumbuka, kisha tukapanga foleni ya chakula chini ya hema. Nikajikuta nimekaa na kijana mwembamba mwenye miwani, aliyenipisha kiti chake kwa heshima. Alijitambulisha kuwa Mumo, mjukuu wa marehemu, anasomea mambo ya anga chuo kikuu. Nilimuuliza anatafiti nini, kwa adabu tu, na akaniambia anatafiti jinsi tropopozi inavyobadilika kwa siku chache wakati wa pepo za msimu. Nikaacha kula. Nilimwambia babu yake angejivunia.

"Mama, nikuambie ukweli?" alisema, akasogeza kiti. "Nilienda kutafuta zile rekodi za babu. Nilifurahi sana kuzipata. Halafu nikazitoa zote kwenye utafiti wangu."

"Kwa nini uzitoe?"

"Haziwezi kutumika. Ziko flat mwaka mzima. Tropopozi haikai hivyo hata wiki moja, hata hapa, na mvua ya mwaka huo ilikuwa kubwa, kila mtu anasema. Kama siku hizo zingesomwa vizuri, hakuna kituo kingine karibu ambacho kingekuwa nazo. Sasa hazitarudi." Alitazama upande wa kaburi, ambapo vijana walikuwa bado wanapanga maua. "Siwezi kusema hapa leo, lakini babu alikuwa anaamini watu sana. Kulikuwa na msomaji mmoja, ametia sahihi kila karatasi, mwaka mzima. Alikuwa anajaza tu. Sijui alikuwa mvivu ama alikuwa mwongo."

Pembeni yetu akina mama walikuwa wanagombania kifuniko cha sufuria. Niliweka sahani yangu chini, kwenye nyasi.

"Hakuwa mvivu," nikamwambia. "Kila siku alisoma vizuri. Alikuwa anaiona dari mahali ilipo, halafu anaandika mahali pengine."

"Ulimjua?"

"M. Kasyoka ni mimi."

Alivua miwani, akaishika. Nilimwona akihesabu umri wangu, akinitazama mikono. Alikuwa kijana mwema. Aliinamisha kichwa na kushusha sauti ili watu wa meza ya pili wasisikie.

"Nani alikuambia ufanye hivyo, mama?"

Nilikuwa na jibu la miaka mingi, limenolewa kwenye harusi ngapi, na mwenyewe amelala hatua chache kutoka pale, hawezi kunikana. Nilifungua mdomo kulisema, na ndipo nikaona, kama mtu anayesoma chati, siku zile zote za baada ya Novemba, Desemba, Machi, Aprili, na meza yangu, na hakuna mtu aliyesimama karibu nayo.

"Hadi Novemba niliambiwa," nikasema. "Hizo nyingine zote niliandika mwenyewe, bila kuulizwa na mtu."